Minneapolis: Jiji la Theluji na Thamani ya Sekunde Moja

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walinena wahenga, na asiyebahatika kuona kwa macho yake basi na aone kwa kusoma. Jumapili hii, msomaji, vaa koti zito, funga skafu shingoni, kisha twende pamoja hadi Minneapolis, jiji lililo katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani.

Hatuendi kutazama majumba marefu wala viwanja vya michezo. Tunakwenda kusimama kwenye njia panda, theluji ikituangukia, tutazame taa za barabarani: nyekundu, manjano na kijani.

Usicheke. Taa hizo tunazozipita kila siku bila kuzifikiria zina siri nyingi. Na siri moja kubwa ni hii: taa ya barabarani hupangwa kwa kudhani kwamba barabara ni kavu. Theluji ikianguka, dhana hiyo huvunjika, na kinachokuwa hatarini si muda wa wasafiri tu bali pia maisha yao.

KWA NINI MINNEAPOLIS?

Huenda unauliza, mbona huko na si kwingine? Kwanza, ni mahali ambapo watu wetu wapo. Wakenya wengi wamefanya makao yao katika jiji hilo na vitongoji vyake, kama vile Brooklyn Park. Wako waliokwenda kusoma, wako wanaofanya kazi za uuguzi, na wako waliozaa na kulea huko. Aidha, katika mtaa wa Cedar-Riverside wanaishi Wasomali wengi, na miongoni mwao wamo waliopitia Kenya kabla ya kuvuka bahari. Usishangae ukisalimiwa kwa Kiswahili.

Pili, hilo ni mojawapo ya majiji makubwa ya Marekani yenye baridi kali zaidi. Jina lenyewe ni mchanganyiko wa lugha mbili: neno la Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, lenye maana ya maji, na neno la Kigiriki lenye maana ya mji. Mto Mississippi unapita katikati, na ng'ambo kuna pacha wake, St. Paul, ulio mji mkuu wa jimbo.

Kutoka Nairobi utasafiri hadi Ulaya, tuseme Amsterdam, kisha uvuke Atlantiki. Ukifika wakati wa baridi utarudisha saa yako nyuma kwa saa tisa. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kutua mnamo saa kumi na nusu jioni. Kwa hiyo mtoto huenda shule gizani, na mzazi hurudi kutoka kazini gizani.

BARIDI ISIYO NA MZAHA

Sisi tunaolalamika Julai Nairobi inapokuwa na ukungu hatujui baridi. Tarehe 30 Januari 2019, kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sufuri kwa kipimo cha selsiasi. Hata wapeleka barua walisimamishwa kazi kwa muda, maana ngozi iliyo wazi huganda kwa dakika chache.

Theluji nayo ni ya kawaida kama vumbi la Januari kwetu. Kwa wastani jiji hupata zaidi ya inchi 50 kwa mwaka, yaani zaidi ya mita moja na robo. Wazee wa huko hawajasahau kimbunga cha theluji kilichoanza tarehe 31 Oktoba 1991. Kwa muda wa siku nne ziliangushwa inchi 28.4, sawa na sentimita 72. Na mnamo Desemba 2010, theluji ililemea paa la uwanja mkubwa wa michezo wa jiji hata likapasuka na kuporomoka.

Watu wa huko wamejifunza kuishi na hali hiyo. Tangu mwaka 1962 wamekuwa wakijenga madaraja yaliyofunikwa kwa vioo, yanayounganisha majengo kwenye orofa ya pili. Leo njia hizo zina urefu wa maili tisa na zaidi, na zinaunganisha sehemu kubwa ya katikati ya jiji. Unaweza kutoka ofisini, ukala chakula cha mchana, ukaenda benki na kurudi bila kuvaa koti.

Lakini si kila mtu anafanya kazi kwenye majengo hayo. Walio wengi wanaendesha magari, wanangoja basi, au wanatembea. Hao wote hukutana kwenye njia panda, chini ya taa.

GARI HALISIMAMI LINAPOAMRIWA

Hebu sasa tufanye hesabu kidogo, kama ile ya fizikia ya shule ya upili. Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu, dereva akikanyaga breki, gari litasimama baada ya mita 14 hivi. Kwenye theluji iliyokanyagwa ikashikamana, litahitaji karibu mita 40. Kwenye barafu tupu litateleza karibu mita 100, ambao ni urefu wa kiwanja cha kandanda.

Na hapo hatujahesabu muda ambao dereva hutumia kuona taa imebadilika na kuinua mguu.

La kustaajabisha ni kwamba mahali penye utelezi mkubwa mara nyingi ni pale pale kwenye taa. Magari yanaposimama na kuondoka, tairi huzunguka bila kushika, zikaisugua theluji mpaka ikang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Kukiwa na baridi ya kupindukia, hata mvuke unaotoka kwenye ekzosi za magari yanayongoja huganda juu ya lami. Barafu hiyo ni nyembamba na haionekani. Dereva huona lami nyeusi, akadhani ni salama.

Chumvi inayomwagwa barabarani husaidia kuyeyusha barafu, lakini nayo ina mpaka wake. Lami ikipata baridi ya nyuzi tisa hivi chini ya sufuri, chumvi ya kawaida hufanya kazi kidogo sana. Isitoshe, chumvi hiyo huishia mitoni na ziwani. Wataalamu wa mazingira wa Minnesota huonya kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi hutosha kuchafua lita 19 za maji. Jimbo linalojisifia maziwa yake haliwezi kumwaga chumvi bila kufikiri.

Basi, kama barabara haiwezi kukaushwa, labda ni taa inayopaswa kubadilika.

UTAFITI WA BARABARA NAMBARI 36

Hilo ndilo wazo walilolichunguza wahandisi kwenye barabara kuu nambari 36, karibu na St. Paul, katika utafiti uliotolewa mwaka 1999. Walipima jinsi magari yanavyopita kwenye taa siku ya kawaida, kisha siku ya theluji. Matokeo yao yangali yanatajwa hadi leo na wanaosomea kazi hiyo.

Siku ya kawaida, magari yalikwenda maili 44 kwa saa, sawa na kilomita 71. Siku ya theluji mwendo ulishuka hadi maili 26, yaani kilomita 42 hivi. Taa ya kijani inapowaka, sekunde mbili hupotea kabla msururu haujashika kasi. Kwenye theluji zilipotea sekunde tatu. Na leni moja yenye uwezo wa kupitisha magari 1,800 kwa saa ya kijani mfululizo ilipitisha 1,600 tu.

Sekunde moja ni nini? Hebu tuone. Tuseme taa ya kijani inawaka kwa sekunde 30. Siku kavu, ukiondoa sekunde mbili zilizopotea, na kila gari likichukua sekunde mbili kupita, magari 14 yatavuka. Siku ya theluji unaondoa sekunde tatu, na kila gari linachukua sekunde mbili na robo. Yatavuka 12.

Magari mawili yamebaki nyuma. Si kitu, utasema. Lakini ikiwa taa ina zamu 30 kwa saa moja, hayo ni magari 60 katika leni moja tu ambayo hayakupita. Nyuma yao kuna basi la wafanyakazi, kuna ambulensi, kuna mzazi anayekwenda kumchukua mtoto shuleni.

WIMBI LA KIJANI LINAPOPOTEA

Kuna jambo jingine. Katika barabara kubwa, taa hazifanyi kazi kila moja kivyake. Hupangwa zifuatane, ili dereva aliyepita taa ya kwanza akute ya pili nayo imefunguka. Wahandisi huliita jambo hilo wimbi la kijani.

Wimbi hilo linategemea mwendo. Tuchukue taa mbili zilizoachana mita 800. Kwa mwendo wa kilomita 71 kwa saa, gari litachukua sekunde 41 kutoka moja hadi nyingine. Kwa kilomita 42 litachukua sekunde 69.

Umeona mambo? Taa ya pili itafungua kijani sekunde 28 kabla magari hayajafika. Barabara itakuwa tupu, taa ikiwaka bure. Magari yatakapokaribia, taa itageuka kuwa nyekundu. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu msururu mzima utalazimika kukanyaga breki kwenye barafu, mahali ambapo siku kavu ungepita bila kusimama.

Ndiyo maana mhandisi anayetengeneza mpango wa siku za theluji huanza na mambo mawili. Huongeza muda wa kijani kwenye barabara kuu, kisha huchelewesha taa zinazofuata ili wimbi liende kwa mwendo wa pole. Lengo si kuwaharakisha watu. Lengo ni kuwapunguzia idadi ya mara wanazolazimika kusimama.

MANJANO NA NYEKUNDU KWA WOTE

Msomaji ambaye ni mwepesi wa kufikiri atauliza: kama gari linateleza, si waongeze tu muda wa manjano?

Hapo wataalamu wenyewe huvutana. Mwongozo wa kitaifa wa Marekani unashauri taa ya manjano idumu kati ya sekunde tatu na sita. Wako wanaosema ni heri iongezwe wakati wa theluji. Wako wanaopinga, wakisema kwamba madereva wakizoea manjano ndefu wataitumia kupenya, badala ya kusimama. Aidha, mtu anayekwenda pole tayari anahitaji nafasi ndogo ya kusimama kuliko anayekwenda mbio, kwa hiyo sehemu ya tatizo hujirekebisha yenyewe.

Mwongozo huo pia unakataza muda wa manjano kubadilika-badilika ovyo katika mpango mmoja wa taa. Ukitaka manjano nyingine, sharti uwe na mpango mwingine kamili, kwa mfano ule wa siku za theluji. Sheria hiyo ina busara. Taa inayobadilisha tabia kila dakika haiaminiki, na taa isiyoaminika ni mbaya kuliko kutokuwa na taa.

Kwa hiyo wengi hupendelea njia ya tatu. Baada ya manjano, kuna kitambo kidogo ambapo pande zote za njia panda huona nyekundu. Kwa kawaida ni sekunde moja au mbili. Dereva wa kawaida hajui kama kitambo hicho kipo. Lakini ndicho kinachomwokoa yule aliyekanyaga breki, gari likakataa, akaingia katikati ya njia panda kama mtelezaji asiye na usukani. Sekunde moja ikiongezwa hapo, gari lake litapita au litasimama kabla wale wa upande wa pili hawajaruhusiwa kuondoka.

Hiyo ndiyo sekunde tuliyosafiri kuja kuitazama. Haiharakishi mtu yeyote, wala hakuna atakayemshukuru mhandisi kwa ajili yake, kwa sababu ajali isiyotokea haina shahidi.

MACHO YA TAA HUFUMBWA

Mwanafunzi mdadisi atapenda kujua taa hujuaje kwamba kuna gari linangoja. Chini ya lami kuna waya zilizofukiwa kwa umbo la mraba. Gari la chuma likisimama juu yake, umeme ulio katika waya hubadilika kidogo, na mashine iliyo ndani ya kasha la chuma kando ya barabara hupata habari. Kwingineko hutumiwa kamera.

Theluji huvuruga yote mawili. Kamera hufunikwa isione. Waya chini ya lami huendelea kufanya kazi, lakini theluji imefunika mistari ya barabara, na madereva hawajui leni ziko wapi. Hufuata tu alama za tairi za waliotangulia. Wanasimama mapema, au kando, si juu ya waya. Taa haiwaoni. Wanaweza kungoja nyekundu mpaka wachoke.

Dawa yake ni kuiamuru mashine itoe kijani kwa kila upande katika kila zamu, liwepo gari lisiwepo. Ni sawa na mwalimu ambaye, akishindwa kuona mikono ya wanafunzi gizani, anaamua kumpa kila mmoja nafasi ya kusema.

Kisha kuna kisa cha balbu. Miji mingi ya Marekani iliziondoa balbu za kizamani kwenye taa ikaweka za LED, ambazo hula umeme kidogo sana na hudumu miaka mingi. Jambo jema, lakini balbu za zamani zilikuwa na joto, na joto hilo liliyeyusha theluji iliyoshika kwenye kioo. Za LED ni baridi. Upepo ukivuma na theluji yenye majimaji, kioo hufunikwa, na dereva haoni rangi yoyote. Katika jimbo la Illinois, mwaka 2009, mtu mmoja aliuawa katika ajali iliyohusishwa na taa iliyozibwa na theluji namna hiyo.

Tangu hapo kumejaribiwa vifuniko maalumu, vioo vilivyoinama na hata vipashio vya joto. Kwingine mfanyakazi hutumwa na brashi ndefu akapanguse. Teknolojia yote hiyo, mwishowe ni mtu na fagio lake.

MTU WA MIGUU ANAHESABIWAJE?

Mpaka hapa tumezungumzia magari. Sasa tumtazame yule asiye na gari.

Kwa mwongozo wa taifa hilo, tangu mwaka 2009, muda wa kuvuka hupigwa kwa kumhesabu mtu anayetembea futi tatu na nusu kwa sekunde, yaani mita moja na ushei. Barabara yenye upana wa mita 20 itampa sekunde 19 hivi. Siku kavu zinatosha. Lakini mfikirie bibi aliyevaa mabuti mazito, mkono mmoja umeshika mfuko wa mboga, akitembea kwenye barafu kwa hofu ya kuanguka. Akienda sentimita 70 kwa sekunde, atahitaji karibu sekunde 29. Kwa sekunde kumi atakuwa barabarani wakati magari yameruhusiwa.

Na kabla hajavuka ana kazi nyingine. Malori ya kuondoa theluji yakipita, huisukuma kando, ikajenga kuta kwenye pembe za njia panda. Kitufe cha kuomba njia hubaki nyuma ya ukuta huo. Ili kukifikia, bibi yule sharti apande kilima.

Hapa ndipo utaona ugumu wa mambo. Tulisema kijani cha magari kiongezwe siku ya theluji. Lakini ukiongeza kijani upande mmoja, umeongeza kungoja upande mwingine. Dereva anangoja ndani ya gari lenye joto, akisikiliza redio. Mtembea kwa miguu anangoja katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri. Dakika mbili kwake si sawa na dakika mbili kwa dereva. Akichoka kungoja atavuka wakati taa inamkataza, na gari linalokuja halitaweza kusimama.

Kwa hivyo mpango mzuri wa theluji haupimwi kwa idadi ya magari yaliyopita peke yake. Unapimwa pia kwa kumkumbuka bibi yule. Sekunde za taa ni mali ya umma kama maji ya mfereji. Ukitaka kujua jiji linamthamini nani, tazama linavyozigawa siku ambayo hazitoshi.

JIJI ZIMA HUSHIRIKI

Minneapolis haiziachii taa mzigo wote. Theluji nyingi ikianguka, jiji hutangaza hali ya dharura, na ratiba ya siku tatu huanza. Usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu usiku, hakuna kuegesha gari kwenye barabara zilizotengwa kwa dharura. Mchana wa siku ya pili, katika mitaa mingine, hakuna kuegesha upande wenye nyumba za nambari shufwa. Siku ya tatu ni zamu ya nambari witiri. Hivyo malori hupata nafasi ya kusafisha. Anayekaidi hutozwa faini, na gari lake huburutwa likafungiwe.

Mwenye nyumba naye ana wajibu. Theluji ikiacha kuanguka, ana saa 24 za kuiondoa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba yake. Jirani mvivu anaweza kumvunja mwenzake mguu, kwa hiyo sheria haimngoji mpaka apende.

Katika jimbo la Utah, kwenye barabara ya Riverdale Road karibu na jiji la Ogden, idara ya barabara ilikwenda hatua zaidi mapema katika miaka ya 2010. Huko habari za hali ya hewa na za mwendo wa magari zilitumiwa kuchagua mpango wa taa unaofaa dhoruba, huku wahandisi wakifuatilia kutoka mbali. Lakini hata penye mitambo kama hiyo, mhandisi huulizwa swali lile lile: theluji imeanza lini kuwa nyingi kiasi cha kubadilisha taa, na imekwisha lini? Akibadilisha mapema mno, huwachelewesha watu bure. Akichelewa, ajali haimngoji.

IKIWA UNAKWENDA HUKO

Huenda wewe ni mwanafunzi uliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, au una dada anayekungoja Brooklyn Park. Chukua mambo machache ya kukufaa.

Kwanza, magari huko huendeshwa upande wa kulia. Ukivuka, mazoea ya Nairobi yatakufanya utazame upande usiofaa. Tazama kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena.

Pili, sheria ya huko humruhusu dereva kukata kona ya kulia hata taa ikiwa nyekundu, mradi asimame kwanza na kusiwe na kibao cha kumkataza. Kwa hivyo nyekundu ya magari haimaanishi kwamba hakuna gari litakalokujia.

Tatu, taa ya kuvuka ikikuruhusu, usirukie barabarani papo hapo. Hesabu moja, mbili, tatu. Hakikisha magari yamesimama, si kwamba yanajaribu kusimama.

Nne, tembea kwa hatua fupi, miguu ikiwa bapa, mikono nje ya mifuko. Wenyeji husema utembee kama pengwini. Ukichekwa na wenzako wa nyumbani kwenye picha, waache wacheke. Mwenda pole hajikwai.

Tano, ukija kuendesha gari, anza kupunguza mwendo mapema kabla ya taa, hata ikiwa kijani. Usimfuate mwenzako kwa karibu. Na taa ikiwa imezibwa na theluji usione rangi, ichukulie kama njia panda ya kusimama, uwatazame wenzako kabla ya kuendelea.

NASI JE?

Sisi hatuna theluji, ila kwenye kilele cha Mlima Kenya. Lakini tuna mvua za masika na za vuli. Kila mkazi wa Nairobi anajua jinsi matone machache yanavyoweza kugeuza safari ya nusu saa kuwa ya saa tatu. Lami iliyolowa nayo hupunguza nguvu ya breki. Magari nayo huenda pole, na msururu huchukua muda mrefu kuondoka. Mtembea kwa miguu huruka madimbwi, mwavuli umemziba macho.

Kwetu, jamu ikizidi, polisi wa trafiki huingia katikati akaiongoza njia panda kwa mkono, taa zikiwaka nyuma yake bila mtu kuzitii. Yeye huona foleni iliyo mbele yake. Haoni ile inayojengeka kwenye njia panda inayofuata. Somo la Minneapolis si kwamba tununue mitambo ya gharama. Ni kwamba mpango uliotengenezwa kwa siku ya jua usilazimishwe kufanya kazi siku ya mvua, na kwamba anayeugawa muda wa barabara akumbuke pia wasio na magari, ambao kwetu ndio wengi.

Wanafunzi, hapa pana kazi kwenu. Mnaweza kuanza na saa ya mkononi na daftari. Simameni mahali salama kando ya taa iliyo karibu na shule yenu, mhesabu magari mangapi yanapita katika kijani kimoja siku kavu. Rudieni siku ya mvua. Kisha mpime mama mwenye mtoto mgongoni anachukua sekunde ngapi kuvuka, na taa inampa ngapi. Ikiwa zile alizopewa ni chache kuliko anazohitaji, mna jambo la kuwaandikia wenye mamlaka.